Kasoro Kwanza, Bei Mwisho: Duka la Sarafu Kongwe la Mji Mkongwe Baada ya Mwenyewe

Ukiingia Mji Mkongwe kwa upande wa Darajani ukaishika njia ya Changa Bazaar kuelekea Hurumzi, kuna uchochoro ambao watu wawili wakikutana mmoja lazima ageuke ubavu. Humo ndimo lilimo duka la sarafu kongwe ambalo wakusanyaji wa Unguja na Pemba, pamoja na wageni wanaojua wanachokitafuta, walilitegemea kwa miaka mingi. Kibao hakikuwepo na hadi leo hakipo. Mwenyewe, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akisema kibao ni cha anayepita, na anayepita hanunui reale, yaani sarafu kubwa ya fedha ya zamani. Baada ya maziko duka lilifungwa, kisha mtoto wa nduguye akalifungua tena, na suali linaloulizwa barazani sasa ni moja: bado panafaa kununua pale? Panafaa, kwa masharti, na masharti yenyewe hayafahamiki mpaka ujue marehemu alivyokuwa akifanya kazi.

Kilichomtofautisha na wauza vitu vya kale wengine ni bahasha. Kila sarafu yenye thamani ya kuzungumziwa ilikaa ndani ya bahasha ndogo ya karatasi, na juu yake aliandika kwa penseli, kwa sababu wino hupenya karatasi ukafika kwenye madini. Mpangilio haukubadilika: kasoro kwanza, uzito katikati, bei mwisho. Bahasha ya kawaida ilisomeka hivi: “Pesa ya Barghash 1299. Tundu juu ya mizani. Imesuguliwa upande wa jina. Pigo ukingoni saa nne. Gramu 6.31.” Ndipo ikaja bei. Barghash ni Sultani wa Zanzibar wa wakati huo, na 1299 ni mwaka wa Hijria. Hiyo saa nne ni mahali pa kasoro ukiichukulia sarafu kama uso wa saa, nayo ni saa nne ya Kiswahili, yaani pale penye 10. Wageni wengi waliitafuta kulia chini wasiione, naye akiwaacha watafute kidogo kabla ya kuwaelekeza.

Bahasha ile ilikuwa ndiyo risiti na ndiyo dhamana. Ukirudi baada ya mwaka kutaka kuuza, alipima tena mbele yako, akalinganisha na alichokiandika, akanunua. Bahasha ikipotea, bei ilishuka, na hapo hakukuwa na kubembelezana.

Kabati lake lina droo tano. Hakuzipanga kwa nchi wala kwa mwaka, alizipanga kwa maneno tunayoyatumia kila siku: reale, rupia, pesa, hela, senti. Pesa ni paisa ya Kihindi iliyohamia pwani. Hela ni heller ya Mjerumani, iliyobaki midomoni baada ya Mjerumani mwenyewe kuondoka. Thumuni nayo ni sehemu ya nane, yaani ya reale, ingawa baadaye ikaja kuwa senti hamsini. Mgeni wa sarafu aliyeanza droo ya juu akamalizia ya chini alitoka amesoma historia ya biashara ya visiwa hivi bila ya kuambiwa kwamba anasomeshwa.

Droo ya reale ndiyo iliyovunja nyoyo nyingi. Anakuja mtu na reale ya Maria Theresa aliyoikuta ndani ya sanduku la bibi yake, anaona imeandikwa 1780, anaamini ameshika kitu cha zaidi ya miaka mia mbili. Malkia huyo wa Austria alifariki Novemba 1780, na tangu hapo sarafu yake imeendelea kupigwa kwa tarehe ileile, kwanza katika viwanda vya sarafu vya dola ya Austria, na katika karne ya 20 hata Rome, London, Birmingham na Bombay, kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na wa pwani yetu walishaizoea sura ile na hawakuwa tayari kupokea nyengine. Kwa hiyo tarehe haisemi kitu. Iliyo nyingi thamani yake ni fedha iliyomo ndani, basi. Wazee waliiita reale ya Sham, kuitenga na reale ya mzinga, ile ya Kihispania yenye nguzo mbili ambazo macho ya pwani yaliziona mizinga. Ya mzinga ni adimu zaidi hapa na ni nyepesi kidogo, kama gramu 27.

Reale ya Sham iliyo halali ina gramu 28.07, fedha sehemu 833 kwa elfu, na upana unaokaribia milimita 40. Iliyotembea sana mikononi hushuka kidogo. Kinachopaswa kuangaliwa kabla ya uso ni ukingo: pana maneno ya Kilatini IUSTITIA ET CLEMENTIA pamoja na mapambo, na yote yamenyanyuka, hayakuchimbwa ndani. Bandia ya kumimina haiwezi kuutoa ukingo huo sawasawa. Utakuta mshono mwembamba unaozunguka pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana, au umepigwa tupa kuuficha. Usoni herufi zake zimelegea kama sabuni iliyokwishatumika, na ukiweka kioo cha kukuza mara kumi unaviona vitundu vidogovidogo vya hewa kwenye uwanja wa sarafu. Iliyopigwa kwa muhuri wa chuma haina vitundu hivyo.

Mtindo wa kuidondosha sarafu juu ya marumaru isikike mlio aliukataa kabisa. Fedha hulia, ni kweli, lakini kila mdondoko ni pigo jipya ukingoni, na sarafu halali yenye ufa wa ndani hailii. Alichokiamini ni maji.

Kipimo hicho kila mkusanyaji anaweza kukifanya nyumbani, na marehemu alikionyesha kwa yeyote aliyekuwa na robo saa. Unahitaji mizani ya sonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, bilauri ya maji, na mshipi mwembamba wa kuvulia. Kwanza zima feni. Hili linaonekana dogo, lakini upepo wa feni peke yake unatosha kuizungusha namba ya mwisho isitulie, na nusu ya vipimo vibaya vinatoka hapo. Pima sarafu ikiwa kavu, andika. Kisha weka bilauri yenye maji juu ya mizani, ibonyeze isome sifuri. Ifunge sarafu kwa mshipi, ishushe mpaka izame yote bila ya kugusa chini wala pembeni. Itikise kidogo vipovu vitoke, kwa sababu kila kipovu kinaongeza namba. Kinachosomeka sasa kwenye mizani ndicho cha kuugawia ule uzito mkavu, na jawabu ni mara ngapi sarafu ni nzito kuliko maji ya ukubwa wake. Reale nzuri ya gramu 28.07 husoma karibu 2.75 majini, gawa, unapata 10.2. Ikisoma 3.1 na zaidi, umeshika aloi ya shaba iliyopakwa fedha. Ikisoma chini ya 2.6 kuna risasi ndani. Rupia ya gramu 11.66 husoma kama 1.13.

Yapo mambo mawili yanayokiharibu kipimo hiki. Sarafu iliyowahi kuwa kidani ina risasi ya kulehemu au masalia ya kikuku nyuma yake, na jumla hiyo haipimi fedha peke yake. Hizo alizipima kwa macho na kwa ukingo. La pili ni kuiacha sarafu ilale chini ya bilauri: hapo mizani inasoma uzito wake mwenyewe na mtu anapata hofu bure.

Sumaku aliitumia kama kipimo cha haraka tu. Fedha hainaswi, lakini shaba na risasi nazo hazinaswi, kwa hiyo kutonaswa si ushahidi. Ujanja ulikuwa kuilaza sarafu kwenye mwinamo na kuiteremshia sumaku kali, ile inayotolewa ndani ya diski ngumu ya kompyuta iliyokufa: juu ya fedha huteremka polepole kama inayopita kwenye asali, juu ya risasi huteleza moja kwa moja.

Chini ya reale za Sham, ndani ya kisanduku cha peke yake, zilikaa reale za Sayyid Barghash, za mwaka 1299 wa Hijria. Hizi ni jambo jengine kabisa. Ni sarafu za fedha zilizopigwa kwa jina la Sultani mwenyewe, reale nzima, nusu na robo, na dhahabu zake za reale tano na mbili na nusu ambazo kuziona ni bahati. Kwa kuwa bei yake ni kubwa, bandia zake ni nyingi, na baadhi zinauzwa waziwazi kama kumbukumbu za watalii kwenye mitaa ya vinyago. Marehemu hakuziuza kwa mtu aliyekuja mara ya kwanza. Alimwambia arudi kesho, mchana, na mtu mwengine anayejua. Waliokasirika walikwenda kununua kwengine na baadhi yao walirudi na bandia wakiomba aipime, naye aliipima bila ya kuwakumbusha.

Rupia hazichukui nafasi kubwa. Za India ya Waingereza zenye Malkia Victoria zilijaa visiwani na bado zimejaa, gramu 11.66, fedha sehemu 917. Kasoro yake kubwa ni alama za kulehemu, kwani nyingi zimevaliwa shingoni zaidi ya zilivyotumika sokoni. Rupia ya Kijerumani, yenye Kaizari Wilhelm wa Pili aliyevaa kofia ya vita, ilifuata uzito uleule ili ipokelewe. Ya rupia mbili ilipigwa 1893 na 1894 tu, na mtu akikuletea moja kwa bei ya samaki, tia shaka.

Droo ya pesa ndiyo nzuri kwa anayeanza. Pesa ya shaba ya Barghash, mizani upande mmoja na jina la Sultani upande wa pili, ipo kwa wingi, inashikika vizuri, na yenye tundu ilikuwa haizidi bei ya bakuli mbili za urojo. Zipo za miaka miwili: 1299, ambayo ni 1881 hadi 1882, na 1304, ambayo ni 1886 hadi 1887. Wanaokosea kusoma tarehe wanakosea kwa namna ileile. Kwenye ١٣٠٤ sifuri ni nukta, na nukta ni kitu cha kwanza kufutika kwa mikono ya watu, basi inasomeka 134 na mtu anadhani amegundua sarafu ya karne za mwanzo za Uislamu. Nne nayo, yenye sura ya 3 iliyogeuzwa, wengine huisoma tatu. Bahasha za marehemu za mwaka huo zilikuwa na neno “nukta ipo” au “nukta imekwenda”, na tofauti ya bei kati ya hizo mbili ilikuwa ya kweli.

Mgeni huichanganya pesa ya Barghash na pesa ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki, kwa kuwa zote ni shaba, upana unakaribiana na zote zina Kiarabu. Igeuze: ya Mjerumani ina tai nyuma, na imepigwa 1890 hadi 1892. Hesabu nayo aliipenda. Rupia ni pesa 64, reale ni rupia mbili na pesa nane, ndiyo hesabu ya zamani ya pesa 136 kwa reale. Wanafunzi wa skuli waliokuja kutazama aliwapa hesabu hiyo kabla ya kuwafungulia droo.

Mwaka 1904 Wajerumani waliiacha pesa wakaigawa rupia kwa hela 100, na hapo ndipo droo ya nne inapoanza. Hela tano ya shaba ya 1908 na 1909 ni kitu cha ajabu kukishika: gramu 20, milimita 37, inalemea kiganja. Watu waliichoka, na 1913 ikaja ndogo yenye tundu katikati. Tundu hilo ni la kiwandani, lina ukingo wake. Usikubali kuambiwa ni kasoro, na kinyume chake usikubali pesa ya Barghash yenye tundu ikiuzwa kama “ya kiwandani”. Hela 20 ya 1916 ilipigwa Tabora wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli za Kijerumani zikiwa haziwezi kupita, kwa shaba na kwa shaba ya njano, na herufi T. Mihuri ilikuwa tofauti: taji kubwa na dogo, herufi L zenye ncha na zenye kujikunja. Anayekusanya hela 20 peke yake ana kazi ya miaka. Ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo mbele ya mlima, zilipigwa 16,198 tu, gramu 7.17, na bandia zake ni nyingi. Marehemu hakuwa na hata moja, na alilisema hilo bila ya haya.

Droo ya senti ilikuwa na pengo ambalo aliliacha wazi kwa makusudi: nafasi tatu za sarafu za 1908 za Sultani Ali bin Hamud, senti moja na senti 10 za shaba na senti 20 ya nikeli, zenye mnazi. Ni sarafu za Zanzibar za mwisho na ni adimu mno. Nafasi zilikuwa na karatasi zenye majina, bila ya sarafu. Chini yake zilipangwa za Afrika ya Mashariki zenye tundu na pembe za ndovu. Hapa alikuwa na zawadi ya kila mgeni: senti 10 ya 1936 yenye jina la Mfalme Edward wa Nane. Uingereza kwenyewe sarafu zake hazikuingia mitaani, kwa kuwa alikaa kitini tangu Januari hadi Desemba 1936 akajiuzulu. Sarafu zetu zenye tundu hazina sura, zinahitaji jina tu, zikapigwa mapema na zikatumika. Ni rahisi, ni ya kweli, na ina kisa cha kumweleza mtu. Mwaka huohuo, tarehe 1 Januari, ndio shilingi ilipoingia Zanzibar kwa kiwango cha shilingi moja na nusu kwa rupia.

Kwenye shilingi ya simba, ya Afrika ya Mashariki, watu hupotea. Za 1921 hadi 1946 zina fedha robo, za 1948 hadi 1952 hazina kabisa, na simba ni yuleyule na milima ni ileile. Tazama mwaka, usitazame rangi. Sarafu za Tanzania za 1966 hakuzijali, na hilo lilikuwa kosa lake la wazi: senti tano ya samaki na senti 20 ya mbuni zikiwa hazijapita mkononi zinatafutwa, naye alizitupa ndani ya bakuli pamoja na vifungo.

Noti za rupia za Zanzibar, zilizoanza 1908, alizinunua mara chache na kwa uangalifu. Jambo moja alilisisitiza: noti iliyochanika iache imechanika. Seloteipu hugeuka njano, gundi yake huingia ndani ya karatasi, na kuiondoa kunang’oa wino.

Kusafisha ndiko kulikomtoa hasira, na ndiko kunakoharibu sarafu nyingi za visiwani hadi leo. Sisi tuna desturi ya kung’arisha shaba kwa ukwaju, ndimu na majivu, na kwa sinia na birika ni desturi nzuri. Kwa sarafu ni maangamizi. Asidi ya ukwaju hula tabaka la juu, majivu hukwaruza, na shaba inatoka na rangi ya waridi ya uongo ambayo kila mnunuzi anaijua kwa mbali. Dawa za kopo za kung’arishia ni mbaya zaidi kwa kuwa zinaacha unga mweupe ndani ya herufi. Pesa ya 1299 iliyong’arishwa inapoteza zaidi ya nusu ya bei yake, na hakuna kinachoirudisha.

Kilichoruhusiwa dukani ni hiki. Kwa uchafu na chumvi ya bahari: maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kama maji ya betri, ndani ya gilasi, siku saba, yakibadilishwa kila siku, kisha kukausha kwa kugusisha kitambaa cha pamba bila ya kusugua. Hapa pana mtego. Baadhi ya maduka huita “maji ya betri” hata asidi ya kujazia betri mpya, na chupa zinafanana. Soma karatasi yake; ikiwa na alama ya hatari, si yenyewe. Kwa kutu ngumu ya kijani: mafuta ya zeituni, wiki kwa wiki, na mwiba wa mdimu kuikwangua taratibu chini ya kioo, si sindano. Kwa ute wa kijani unaonata, unaotoka kwenye plastiki mbaya: asetoni safi ndani ya gilasi, dirisha wazi, mbali na moto. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha haifai, ina mafuta na manukato yanayobaki juu ya sarafu.

Kutu nazo ziko namna mbili na kuzichanganya ni gharama. Ya kijani kilichokoza, ngumu, iliyoshikana na shaba, ni ya umri, iache. Ya kijani chepesi, ya unga, ambayo ukiipangusa leo inarudi wiki ijayo, ni ugonjwa. Inatokana na chumvi iliyoingia ndani ya shaba, na hewa yetu ya pwani inailisha kila siku. Sarafu hiyo itenge na nyengine, iloweshe kwenye maji yaliyotoneshwa kwa wiki kadhaa, ikaushe kabisa kwenye jua la asubuhi juu ya karatasi, kisha iweke pakavu.

Pakavu ndipo penye tabu. Masika, tangu Machi hadi Mei, unyevu unaingia hata ndani ya kabati lililofungwa. Marehemu alikusanya vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya sanduku la viatu, akavitia kwenye mikebe ya biskuti yenye kifuniko cha kubana, vipakiti vitano kwa mkebe, na kila baada ya miezi miwili alivikausha juu ya sufuria iliyo juu ya moto mdogo. Mchele hakuutaka: unanyonya kidogo, unaacha vumbi na unaita wadudu. Albamu za plastiki laini yenye harufu kali hakuziuza kabisa, kwa kuwa harufu hiyo ndiyo dawa inayotoka na kuzaa ute wa kijani. Alitumia vikadi vyenye dirisha, na pini za stepla alizilaza kwa koleo pande zote mbili, kwani pini iliyosimama ikilazwa juu ya kadi nyengine inamkwaruza jirani.

Lipo jambo ambalo halikuwa na mjadala. Sarafu iliyotoka ardhini hakuinunua, hata aje nayo nani. Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 wachimbaji wa kielimu walipata zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha pamoja na dinari chache za dhahabu, na umuhimu wake ulikuwa katika kukutwa pamoja, mahali palipojulikana, kwa kina kilichopimwa. Tangu hapo kila anayeokota kitu ufukweni anadhani ana Mtambwe yake. Sheria ya mambo ya kale haimruhusu mtu kuchimba akauza, na marehemu alimwelekeza mletaji kwa watu wa makumbusho, akamwandikia kwenye karatasi mahali alipoiokota ili asisahau njiani. Baadhi walimwona mkali. Vijana wa Pemba waliokwenda na kurudi bila ya kuuza walimlalamikia sana, na malalamiko yao yalieleweka, nauli ya boti si ndogo.

Akinunua kwako alisema wazi atauza kwa kiasi gani. Sarafu za kawaida alilipa nusu ya bei ya kuuzia, kwa sababu zinakaa. Za adimu alilipa thuluthi mbili au zaidi, kwa sababu mnunuzi wake alishamjua. Fedha tupu alilipa kwa uzito, bei ya siku ya sonara, akipunguza kidogo. “Ami, hii si ina thamani zaidi?” Akijibu: “Inayo, mwanangu, ila si kwangu,” na mara nyengine alimtaja mtu wa kumpelekea. Hakuwa na mashine ya kadi, hakuandika bei dirishani, alifunga bila ya taarifa, na baada ya Alasiri alikuwa na mteja mmoja kwa wakati mmoja hata ukisimama nje saa nzima. Hayo ni mapungufu, na hayakumpungukia yeye, yaliwapungukia wateja.

Sasa lilivyo. Kijana aliyelirithi ni mpole, anajibu simu, anakubali malipo ya simu, na amefungua kuanzia saa tatu asubuhi, isipokuwa Ijumaa mchana. Taa imeongezwa, jambo lililokuwa likihitajika. Lakini dirishani amepanga pesa za Barghash zilizong’arishwa zikimeta kama vifungo vya askari, na reale ameziingiza kwenye albamu za plastiki laini. Mizani ipo, feni haizimwi. Bei za vitu vya kawaida zimepanda kwa sababu ya wageni. Za adimu, bahati nzuri, hajazijua bado, na ni haki kumwambia badala ya kumnyonya.

Ukienda, usianze na dirisha. Omba droo ya tatu, upande wa nyuma, zilikobaki bahasha za penseli ambazo hazijafunguliwa tangu msiba. Baadhi zimechanganywa wakati wa kuhamisha kabati, sarafu ya bahasha hii imo ndani ya ile. Chukua mizani yako, mwombe kwa adabu azime feni, na uilinganishe kila gramu na iliyoandikwa. Zikiafikiana, kasoro zote umeshazisoma, na bei iliyoandikwa pale ni ya zamani. Kijana bado anaiheshimu.